Bia ni Yenu, Vifo ni Vyetu

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nitaeleza upesi, maana leo nina hasira na sitaki kurudia mambo mara mbili.

Mimi ni Nkongolo. Nilizaliwa Kapata, mtaa wa Kolwezi huku Katanga, kwenye nyumba ya kampuni, baba yangu akiwa mchimba shaba aliyeletwa kutoka Kasai. Kasai kwenyewe sikuwahi kukanyaga hata kwa bahati mbaya. Mwaka 1993, kampuni ilipokuwa inakata roho na wakubwa wakawa wanatafuta wa kumlaumu, tukaambiwa sisi ni wageni, sisi ni bilulu, wadudu, turudi kwetu. Kwetu wapi? Hawakusema. Walituonyesha gare ya treni tu.

Nilikuwa na mke, Adolphine, binti wa Kikatanga. Nilikuwa pia na nusu ya televisheni ndogo iliyokaa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Dilala, tukiiita Télé Malachite. Nusu ya pili ilikuwa ya kaka yake Adolphine, Mukalay.

Wiki iliyopita mlisoma jinsi vijana wa vizuizi vya barabarani walivyoniletea tangazo lao la kutufukuza, wakitaka nilisome bure baada ya habari. Nikawaambia walipe kama watu wote. Kesho yake wakaja na mapanga, wakinitaja kwa jina. Adolphine akanisukuma kwa mlango wa nyuma.

"Tangulia na mama ku gare," aliniambia. "Mi nitakuya."

Hakuja.

Nilikaa pale gare siku kadhaa juu ya sanduku langu, mama yangu Kanku ubavuni, katikati ya maelfu ya wenzetu waliokuwa wakingoja treni. Kila kitambaa cha kichwa kilichotokea kwa mbali nilidhani ni chake. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama mke wangu bado ni mke wangu.

Hapo ndipo Henriette alipotokea.

Henriette alikuwa akiuza karanga Dilala, mbele ya nyumba yetu. Sasa alikuwa amehamishia biashara gare, maana mtu anayefukuzwa ana njaa na hana moyo wa kubishana bei. Alikuja akinadi karanga zake, bakuli kichwani. Akaniona. Bakuli likaanguka, karanga zikatawanyika kwenye reli.

"Yesu! We, Tata Nkongolo! Si ulikufwa?"

"Nani alikufwa?"

"We! Jana magaribi, habari ya journal ilipoisha. Foto yako mu televizio, ile ya costume ya ndoa. Mama Adolphine, bibi yako, ye mwenyewe njo alikuwa anasoma. Alilia, na siye tulilia. Ku nyumba yenu beko ku kilio. Hata mi nilitoa unga!"

"Nilikufwa na nini?"

"Malaria ya kichwa."

Mama yangu hakushtuka. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, jinsi anavyofanya akiwa na neno la siku nyingi.

"Mi nilikuambia. Mwanamuke mwenye hakukuzalia hata mutoto moya, ataona haya ya kukuzika? Anakuzika muzima."

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze juu ya nini? Mi njo mama ya mufu. Kama beko ku kilio, mi njo ningekala ku mukeka ya mbele. Hata kuniita habakuniita!"

Henriette aliokota karanga zake bila kunitazama usoni, akaondoka haraka. Naona alikuwa anaujutia ule unga.

Sasa nisikilizeni, maana bila kuielewa biashara yetu mtadhani Henriette ni mjinga, na ujinga haukuwa wake.

Televisheni ndogo kama yetu haina vipindi. Ina antena, ina mashine ya kurushia, ina umeme wa bwawa la Nzilo siku ukipatikana, basi. Vipindi vilitoka kwa chaîne, yaani kituo, kubwa ya Kinshasa. Walitutumia kaseti kwa ndege, na ndani ya kaseti walikuwa wamekwisha kubandika matangazo yao: bia, sabuni, maziwa ya unga. Pesa za matangazo hayo walizila huko huko, sisi wakatutupia kipande. Lakini baada ya habari waliacha dakika kadhaa za weusi mtupu, ndizo tulizoziita shimo. Katika shimo tuliuza matangazo ya hapa hapa Kolwezi, duka jipya, harusi, mbuzi aliyepotea. Na nusu ya mapato ya shimo ilipanda kwenda Kinshasa.

Nusu! Mtu hajawahi kuiona Kolwezi, vumbi lake halijui, anakula nusu ya mbuzi wetu aliyepotea.

Siku ya kusaini nilimpigia meza mtu wao, Louis. Nikamwambia, bia ni yenu, vifo ni vyetu. Matangazo ya misiba hatugawani. Hamtayaonja na hamtayakagua. Louis akacheka, akakubali, kwa sababu Kinshasa waliamini msiba ni biashara ya maskini.

Hawakuijua Kolwezi. Mchimbaji akifa, ukoo wake umetapakaa kutoka Kapata mpaka Nzilo, na simu hakuna. Kwa hiyo kila jioni mji mzima ulikaa mbele ya shimo letu kusikiliza nani ametutoka. Picha ya marehemu, majina ya wafiwa, mahali pa kilio. Hatukuwahi kukosea kifo hata kimoja. Télé Malachite ikisema umekufa, basi umekufa, na majirani wanaleta unga.

Kulikuwa na jambo la pili katika mkataba ule, nalo nililidai mimi mwenyewe. Mukalay alikuwa na tabia ya kutishia kuhamia Zambia kila tulipogombana. Nikaona nimfunge. Mwenye nusu akihama Kolwezi, mkataba unavunjika, na Kinshasa inapeleka kaseti zake kwa mtu mwingine. Lakini mwenye nusu akifa, nusu yake inakwenda kwa mjane na mambo yanaendelea. Sikuwaza hata kidogo kwamba kamba ile ingenifunga mimi. Nani angehama? Watu wa Kapata tulikuwa tunakufa Kapata.

Basi nikiwa juu ya sanduku lile nikafikiri haraka. Nikipanda treni, nimehama, na Mukalay anapoteza kila kitu. Nikiwa maiti, Adolphine anarithi, Mukalay anabaki na kaseti zake, bia inaendelea kumwagika kwenye kioo kila jioni. Kwa hiyo wameniua. Ndugu wawili wa tumbo moja wamekaa kwenye meza yangu wakapanga, na mmoja wao ni mwanamke aliyekuwa akilala kifuani pangu.

Sikulia. Niliwaka.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Naenda kufufuka."

Foni ya parokia haikuwa mbali na gare. Foni ni ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Unabonyeza kitufe, unasema maneno yako, unamalizia na "à vous", unaachia, na mwenzako anakujibu kwa sauti ya kukwaruza inayosikika mpaka uani. Siri haina nafasi pale. Watu wa kwenye foleni walikuwa wakisikiliza ndoa za wenzao tangu asubuhi. Nilijua hayo yote, lakini hasira ilinisahaulisha.

Nilimuulizia abbé Stanislas, padri wetu. Mtawa aliyesimamia foni akaniambia amekwenda kuzika. Nikamwambia nitafutie Kinshasa.

Louis alikulia Likasi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, ila kimepakwa kiburi cha Kinshasa.

"Louis, ni mi, Nkongolo wa Kolwezi. À vous."

Mkwaruzo mrefu.

"Nkongolo gani? Nkongolo wa Kolwezi alikufwa. Jana bibi yake aliniita ku foni hii hii, na mi nilimupa pole, condoléances. À vous."

"Ni bongo, ni uongo! Niko muzima. Niko nasimama na miguu yangu. À vous."

"Félicitations, hongera. Uko wapi? Ku studio? À vous."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza.

"Niko ku gare. Banatufukuza. À vous."

Naapa nilimsikia akitabasamu, umbali wote ule.

"Sikiya muzuri, Tata. Kama ulikufwa, contrat iko, bibi yako anakamata nusu yako, bia inapita, hakuna mwenye kuuliza. Kama uko muzima na unapanda train, ulihama, contrat inaisha. Kuko mutu ingine kule Kolwezi mwenye alisha kununua antena, ananingojea mi tu. Sasa uniambie we mwenyewe. Niandike nini? Mufu ao muzima? À vous."

Foleni yote ilisogea karibu. Mzee mmoja aliyekuwa akikohoa alikizuia kikohozi chake ili asikose jibu.

Najua nyinyi mnaosoma mkiwa mmekaa mngesema nitulie, nifikiri. Mimi nilikuwa namwona Adolphine akisoma kifo changu na ule uso wake mzuri. Nilikuwa namwona Mukalay akijipakulia bukari, ugali wetu, katika sahani yangu.

"Andika muzima!" nikafoka. "Andika muzima, na bo wote bakose! À vous!"

"Bien. Basi kaseti ya leo magaribi njo ya mwisho. Safari muzuri. Terminé."

Nikaachia kitufe. Nilijisikia mwanamume, na hali hiyo ilidumu mpaka mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama Kisimba, kijana wa vizuizi, mmoja wa wale walioniletea tangazo la bure. Alikuwa kwenye foleni kama watu wengine, sijui alitaka kumpigia nani. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Halafu akaiacha nafasi yake ya foleni, akapanda baiskeli yake, akaondoka kwa kasi kuelekea Dilala.

Kabla sijaelewa, mkono ukanishika kutoka nyuma. Alikuwa abbé Stanislas, viatu vyake vimejaa udongo. Alinivuta mpaka sakristia, akafunga mlango.

"Nkongolo, ulisema nini ku foni?"

"Nilisema kweli. Kwamba niko muzima."

Abbé akakaa kwenye benchi, akavua miwani.

"Unajua mi natoka wapi sasa hii? Natoka ku kaburi yako. Nilizika sanduku yenye kuwa na mawe ya carrière, ya machimbo. Padiri muzima, Nkongolo, nilibariki mawe! Na sasa unaniambia uko muzima."

"Abbé, juu ya nini?"

"Juu Adolphine aliniomba. Keti, mi nikuelezee."

Nilikaa. Akanieleza, na kila neno lilinipunguza.

Siku ile nilipotoka kwa mlango wa nyuma, vijana walimkuta Adolphine peke yake. Wana sheria yao, nyumba ya aliyekimbia ni mali yao, wanaihamia au wanaichoma, na aliyebaki ndani anafuata njia ya gare. Mkubwa wao, Kalenga, alikuja na dumu la petroli. Adolphine akasimama mlangoni akamwambia kwamba mume wake hakukimbia, yuko hospitali, ana malaria ya kichwa. Kalenga akarudi tena kuuliza. Akamwambia amekufa. Kalenga akacheka, akasema kama ni kweli, wataona baada ya habari kama vifo vyote vya Kolwezi.

Basi akasoma. Nyumba ya mjane hawaigusi, hasa mjane ambaye ni binti wa hapa. Na Kinshasa wasingeuliza kitu, kwa kuwa vifo hawavikagui.

"Alinituma ku gare nikuambie mbele ya train kuondoka," abbé akasema. "Feza ya matangazo ya lufu, ya misiba, ile haipande Kinshasa, alitaka siye tukutumie kule Kasai kila mwezi, mpaka mambo itulie. Mi nilikuwa nakuya kwako nyuma ya maziko. Mawe ilinikawisha."

"Na Mukalay?"

"Mukalay alikubali juu ya contrat, si juu yako. Contrat ikibakia, anafunga kinywa. Hakuna kintu ingine yenye kumufunga."

Nikamtazama abbé. Abbé akanitazama mimi.

"Abbé," nikasema, "contrat iliisha. Njo Louis ananiambia vile sasa hii. Na Kisimba alikuwa mu foleni."

Alifanya ishara ya msalaba, si polepole kama kanisani.

"Enda ku train," akasema. "Mi naenda Dilala."

Sikumngoja amalize. Nilitoka mbio kwenda Dilala mimi mwenyewe, nikamwacha nyuma. Nilijidanganya kwamba nitafika kabla ya baiskeli, nimshike Adolphine mkono, tutokee kwa jirani, tuwe gare kabla mtu hajamaliza kutunga swali. Miguu yangu ilikuwa ya mtu wa kukaa studio. Njiani nilijitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Tshiluba, na lugha zote hazikunitosha.

Nyumba yangu ilikuwa imejaa. Niliingia kwa nyuma, kupitia uwanja wa jirani, nikajibanza kwenye kona ya choo. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya antena. Picha yangu ilikuwa juu ya kiti, na mshumaa mbele yake. Jirani aliyetuzomea siku ya mapanga alikuwepo, anakula bukari ya msiba wangu kwa mikono miwili. Mwingine aliyekataa kumsalimu mama yangu kwa miezi mitatu alikuwa anaongoza nyimbo. Mtu akitaka kujua unafiki wa mji, afe kidogo halafu arudi kuchungulia.

Adolphine alikuwa kwenye mkeka wa mbele, miguu mitupu, nywele zimefumuliwa, kitambaa cheusi mabegani. Alikuwa amekonda.

Na Kisimba alikuwa amekwisha kufika. Alisimama katikati ya uwanja, anahema, baiskeli imelala chini.

"Mi nilimusikia na masikio yangu! Mufu eko anaongea ku foni!"

Nyimbo zikakatika. Kalenga akainuka kutoka kwenye kiti cha heshima walichompa, panga kwapani.

"Mama Adolphine," akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. "Ulitudanganya? Kama bwana yako eko muzima, hii nyumba ni ya mutu mwenye alikimbia, na we uko bibi ya kilulu. Tutachoma yote, na we ndani."

"Ni bongo ya Kisimba!" Huyo alikuwa Mukalay, ametokea chumba cha studio, tai nyeusi shingoni. "Nkongolo tulimuzika leo asubui. Mi njo nilibeba sanduku. Bega iko inaniuma mpaka sasa. Kisimba alikunywa."

"Sikunywa!"

"Ulikunywa. Kila mutu anakujua."

Watu wakaanza kucheka. Kalenga naye alilegea, akamtazama Kisimba kwa dharau. Ningebaki nyuma ya choo dakika moja zaidi, mambo yangekwisha. Lakini mwanamke mmoja alikuwa anakuja chooni.

Ukelele aliopiga uliwainua wote.

Kalenga alinishika ukosi wa shati, akaniburuta mpaka katikati, akanisimamisha karibu na picha yangu. Mtu wa kwenye picha alikuwa mnene, amenyolewa, kavaa suti. Mimi nilikuwa na ndevu na vumbi la gare mpaka kwenye kope. Kalenga, ambaye hakuwahi kuniona kwa karibu, alitutazama sote wawili, yule na mimi, akiwa hana hakika, huku Kisimba akipiga kelele kwamba ndiye mimi na majirani wakijifanya hawanijui.

"Mukalay. Huyu nani?"

Mukalay alinitazama moja kwa moja.

"Simujue."

Hakupepesa macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimshukuru moyoni.

"Mama?"

Adolphine akainuka. Alikuja mpaka karibu yangu, akasimama uso kwa uso nami. Nilimpenda pale kuliko siku ya ndoa, nasema wazi, na nilikuwa naogopa kwamba macho yangu yanasema hivyo mbele ya watu wote.

"Bwana yangu alikufwa," akasema. "Huyu ni kilulu tu, anatoka ku gare. Alikuya kuiba chakula ya kilio."

Kalenga akatabasamu.

"Basi umufukuze. We mwenyewe. Tuone."

Kulikuwa na sufuria ya bukari motoni. Adolphine akachomoa mwiko, ungali una moto na unga, akanipiga nao begani. Akanipiga tena, shavuni.

"Toka! Kilulu! Rudia kwenu!"

Vijana wakapasuka kwa kicheko. Neno lile nilikuwa nimelisikia kwa miezi, barabarani, sokoni, redioni. Sikuwahi kulisikia katika kinywa kile. Nilijua kwamba ananiokoa, na bado liliniuma kuliko mwiko.

"Enda kwenu! Munakula inchi yetu, sasa munakula na kilio ya bafu betu?"

Pigo kwa pigo alikuwa ananisogeza kwenye mlango wa barabarani. Mimi nilirudi nyuma nimefunika kichwa, nikiomba msamaha kama mwizi. Jirani wa bukari alipiga makofi. Kalenga aliweka panga chini ya kiti, akafuta machozi ya kicheko, akaagiza nyama. Nilihisi mguu wangu wa kulia umekwisha kukanyaga barabara. Adolphine alinipiga pigo moja jepesi la mwisho, la kunisukuma nje.

Lakini Kisimba alikuwa amefanywa mwongo na mlevi mbele ya mji mzima, na hakukubali.

"Basi nani alikuwa anaongea na Kinshasa?" akamfokea Mukalay. "Nani njo alifanya Louis akate contrat? Mi nilikunywa? Foleni yote ilisikia!"

Mukalay alikuwa amekwisha kugeuka arudi ndani. Akasimama.

"Louis alisema nini?"

"Alisema contrat iliisha! Kaseti ya leo magaribi njo ya mwisho. Anapatia mutu ingine."

"Nani alimuambia akate?"

"Mufu wenu! Alisema, andika muzima, na bo wote bakose!"

Mukalay aliinua macho akaiangalia antena, kutoka chini mpaka juu. Halafu akaniangalia mimi pale mlangoni. Niliona jinsi alivyoelewa, taratibu, jambo moja baada ya jingine: bia imekwenda, sabuni imekwenda, na hata vifo, maana kioo kisicho na vipindi nani atakaa mbele yake jioni. Akailegeza tai yake.

Adolphine naye aliona. Mwiko ulibaki juu hewani.

"Yaya," akamwita kaka yake kwa sauti ndogo. "Yaya, tafazali."

"Adolphine," Mukalay akasema, akitamka vizuri ili kila mtu asikie. "Wacha kupiga bwana yako."